Kijakazi Kando ya Moto

Riruta, Nairobi
Jumatatu, saa ya chakula cha mchana

Dada Wavinya mpendwa,

Kabla hujaendelea, nakuomba uingie chumbani ufunge mlango. Haya ninayokuandikia usimsomee Mama, usimwonyeshe shemeji, wala usimdokezee mwalimu mwenzako hata mmoja, mpaka mimi mwenyewe nikwambie. Ningetuma kwa simu, lakini simu yako huchezewa na watoto, na Mama huomba asomewe kila ujumbe unaotoka Nairobi. Ndiyo maana nimetafuta karatasi.

Habari za nyumbani? Goti la Mama limepungua maumivu, au bado anakataa kuinuka na fimbo kwa kuogopa kuonekana mzee? Nimesikia mvua ya Mwingi imekuwa nzuri na ndengu zimeshika maua. Nashukuru Mungu. Nisalimie shemeji na watoto, mwambie Syokimau nimepata ile mikasi ya shule. Mimi mwili ni mzima. Chakula ndicho hakipiti vizuri, na sababu utaiona huko chini.

Habari ya filamu najua unayo, maana Mama amemwambia kila aliye tayari kusimama. Kanisa letu la Wakamba hapa Riruta liliombwa litoe watu wa kutia sauti za Kikamba katika filamu ya maisha ya Yesu iliyotengenezwa ng'ambo. Studio iko Spring Valley, chumba kimoja nyuma ya nyumba kubwa, kuta zake zimefunikwa sponji kama magodoro. Msimamizi ni kijana aitwaye Norman, ambaye hajui Kikamba hata cha kuombea maji; yeye husikiliza pumzi na kutazama midomo tu. Sauti ya Petro walimpa Mzee Kitavi, yule wa kichinjio cha Dagoretti. Alikuja na gambuti zake za kazini, Norman akamwomba azivue kwa sababu zinalia, na Petro akamkana Bwana wake akiwa na soksi.

Mimi nilipewa yule kijakazi wa kuhani mkuu, anayemwona Petro akiota moto uani na kusema kwamba huyu naye ni mmoja wao. Sentensi tatu kwa jumla. Mama alipopiga simu aliuliza kwa nini nimepewa mchongezi, kwani Mariamu wote walikuwa wameisha? Nikamwambia Mariamu alikwenda kwa mke wa mchungaji. Akacheka, akasema basi nimchongee Petro vizuri, wasikie hadi Mwingi.

Katika wiki hizohizo ofisini kwetu kumetokea jambo. Unamkumbuka Taib, karani mwenzangu kutoka Lamu, yule aliyenifundisha kazi nilipoingia, na ambaye hunicheka nikisema Kiswahili akidai naongea kama ninapandisha kilima? Amesimamishwa kazi. Mteja wetu mmoja, mjane aitwaye Annah, ana ploti huku Riruta yenye vyumba sita vya kupangisha, na kodi ya vyumba hivyo ndiyo inayomlisha. Shemeji yake alitaka kuiuza kwa siri. Wakili wetu, Bwana Mwololo, akaandaa ombi la kuzuia uuzaji, na ilibidi karatasi yenyewe yenye sahihi ipelekwe kwa mkono ofisi ya ardhi na kugongwa muhuri siku hiyohiyo, Ijumaa. Ilifika Jumatatu. Ploti ilikuwa imeshaandikishwa kwa mnunuzi tangu Ijumaa saa kumi.

Daftari letu la makabidhiano linaonyesha jina la Taib. Ndiye aliyetia sahihi kuichukua bahasha. Bwana Mwololo anaamini mnunuzi alimnunua ili aicheleweshe. Amepeleka malalamiko polisi, na Alhamisi hii saa nne asubuhi Taib anatakiwa kituoni. Wenzangu wanasema hatarudi nyumbani siku hiyo. Ana mke, Mabruka, na mtoto ambaye hajaanza kutembea. Maurine wa mapokezi anasema tulikuwa tukimwonea huruma bure, kumbe kila Ijumaa alikuwa akitoroka kazi kwa kisingizio cha msikiti. Bwana Mwololo naye alisema, tukisikia sote, kwamba mtu anayeinama mara tano kwa siku anapata wapi nafasi ya kusimama wima. Watu walicheka. Mimi nilikuwa napanga faili, nikaendelea kuzipanga.

Jana Jumapili filamu ilionyeshwa kanisani kwa mara ya kwanza. Ilikuwa saa tisa mchana na jua kali, kwa hiyo akina mama walifunika madirisha kwa mashuka na magunia ili ukumbi uwe na giza. Watoto walikaa sakafuni mbele, Bwana Mwololo na wazee wenzake wa kanisa wakapewa viti vya kuegemea. Mwanzoni kila sauti ilipotoka watu waliambiana ni ya nani. Yesu alipotuliza mawimbi kwa sauti ya mwalimu wa kwaya, mtu mmoja nyuma alisema mbona haitulizi soprano. Tulicheka mpaka mchungaji akatuomba tuheshimu.

Kisha wakafika uani kwa kuhani mkuu. Moto ulikuwa unawaka, askari wamejikunyata, na Petro ameficha uso katika kilemba chake. Msichana akapita na mtungi, akasimama. Akamtazama. Halafu nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikisema kwa lugha ya Mama: "Huyu nilimwona naye." Ukumbi mzima ukaguna. Mama mmoja kando yangu alinipiga paja kwa utani, akasema, "Karo, kumbe una mdomo hivyo, ungemwacha mzee wa watu aote moto."

Dada, tangu shule ya Jumapili tumefundishwa kumhurumia Petro na kumchukia yule msichana. Jana watu wote walimtazama Petro, mimi nikashindwa kumwondolea macho msichana. Ndani ya nyumba mashahidi walikuwa wamepangwa mstari wakisema uongo, na hao walikuwa watu wa kusikilizwa. Huku nje, katika ua ule wote, mtu mmoja tu ndiye aliyesema alichokiona, naye ni mtumishi wa kubeba maji. Hakulipwa. Hata jina hatukuambiwa. Petro akaapa kwamba hamjui mtu huyo, na picha ikabaki usoni pake kwa muda mrefu, na mimi nikahisi kwamba sauti ile iliyotoka kinywani mwangu ilikuwa inanisemesha mimi niliyeketi pale kwenye benchi. Nikatoka nje. Nilikwenda nyuma ya tangi la maji nikalia.

Mke wa mchungaji alinifuata akanirudisha kwa mkono. Filamu ilipokwisha, mchungaji alitangaza kwamba Roho amemgusa binti yetu, nikasimamishwa mbele nitoe ushuhuda. Nilisema nimeguswa na upendo wa Bwana kwa Petro hata alipoanguka. Watu wakasema amina. Bwana Mwololo alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema anamshukuru Mungu kwamba katika ofisi yake amebaki na karani mmoja mwaminifu.

Sasa nitakwambia, na nikiandika polepole nitashindwa.

Ijumaa ile bahasha nilikuwa nayo mimi. Taib aliniomba saa sita na nusu, akienda kuswali, kwa sababu kutoka msikitini asingewahi foleni. Kanuni ni kwamba anayepokea atie sahihi katika daftari, lakini alikuwa na haraka na sisi tulikuwa tukiaminiana, akasema, "Utaandika baadaye, dada Karo." Bwana Mwololo alikuwa amenipa ruhusa ya kwenda studio saa nane, maana ni kazi ya kanisa. Nilifika ofisi ya ardhi, nikapewa nambari, nikaketi. Watu kumi na wanane walikuwa mbele yangu. Norman akaniandikia kwamba studio ina watu wengine saa kumi, nisipofika sasa nafasi yangu atapewa mwingine. Nikafikiri, hii ni kazi ya Mungu, na karatasi ni karatasi, Jumatatu si mbali. Nikaondoka na bahasha mkobani.

Siku ile niliyasema maneno yangu mara moja tu na Norman akafurahi. Baadaye akagundua kwamba mashine ya kukata nyasi ya jirani imeingia ndani ya sauti, na haifai. Nilirudia Ijumaa iliyofuata. Kufikia siku hiyo nilikuwa nimeshapeleka bahasha Jumatatu asubuhi, nimeshaiweka nakala yenye muhuri juu ya meza ya Taib bila kusema neno, na nimeshaitwa mbele ya Bwana Mwololo. Taib alisema alinipa mimi. Bwana Mwololo akaniuliza kama ni kweli. Nikasema hapana, sikupewa. Taib hakupaza sauti. Aliniambia tu, "Karo, hebu kumbuka vizuri." Nikasema nimekumbuka. Kisha nikaandika hivyo na kutia sahihi, na karatasi hiyo ndiyo inayokwenda polisi Alhamisi. Zaidi ya daftari, hawana ushahidi mwingine.

Kule studio, mara hiyo ya pili, nilishinda mchana kutwa kwa sentensi tatu. Norman alinilalamikia kwamba nasikika kama ninayemwomba yule mtu msamaha. Alisema, "Wewe umemwona. Sema kama mtu aliyeona."

Nimejaribu kujifariji kwamba hata Petro alikana na bado akapewa kondoo kuchunga. Lakini Petro alilia, na machozi yake hayakumtoa Yesu mikononi mwa askari. Nimelia vya kutosha nyuma ya tangi lile, na Taib bado anatakiwa kituoni Alhamisi.

Bwana Mwololo yuko mahakamani Machakos mpaka kesho. Keshokutwa, Jumatano saa mbili asubuhi, nitaingia kwake kabla hajavua koti. Nimeandika maelezo mapya na kuyatia sahihi; nakala moja yake, moja ya Taib. Kazi nitaipoteza, hilo nimeshalikubali. Kama nitashtakiwa kwa maelezo ya kwanza, sijui. Ploti ya Mama Annah sijui kama itarudi, na hilo litanisumbua hata haya mengine yakiisha. Nasikitika pia kwa ajili ya Mama. Jumapili ijayo filamu itaonyeshwa hapo kwenu, naye atakaa mbele akingoja kumsikia mwanawe. Tafadhali kaa karibu naye.

Msalimie kila anayeniuliza, na mkinikumbuka katika maombi mniombee ujasiri, mengine yatangoja.

Barua hii naituma kupitia ofisi ya mizigo ya mabasi. Utaipata kesho Jumanne kabla ya jioni. Usinipigie siku hiyo. Nikisikia sauti yako nitakuomba unikataze, na wewe unanipenda, unaweza kunikataza. Nipigie Jumatano saa saba mchana. Simu ikiwa imezimwa, mpigie Mama Jeremy, mwenye nyumba wangu. Nambari yake ni ya kwanza nyuma ya bahasha, naye atajua kama nimerudi au niko kituoni. Nikiipokea na kuanza kukuuliza habari za ndengu, ujue sikuingia kwa Bwana Mwololo. Usinigombeze wala usinisikilize. Kata simu, upige nambari ya pili. Ni ya Taib. Mwambie wewe ni dada yangu, kisha umsomee kuanzia pale nilipoandika kwamba bahasha nilikuwa nayo mimi.

Mdogo wako,
Carolyne