Nilimpigia Mwalimu wa Noti Wimbo Uliopinda, Sasa Dada Yangu Anadhani Akili Imemtoka

Mimi nina miaka sabini na minane, Wareno nimewaona wakiondoka na kodi yao ya kichwa, vita viwili vimenipita, wake wawili nimewazika Mungu awarehemu, kimbunga kimekuja kikaacha minazi yangu arobaini imesimama, ikaja kung'olewa na magreda ya mradi wa gesi, na kijiji nilikozaliwa sasa hakipo tena, tumehamishiwa hapa Quitunda kwenye nyumba za matofali, na bado meno ninayo saba na nyama naitafuna. Nayasema haya, Mama Cadija wa gazetini, ili ujue kwamba anayekuomba msaada leo si mtu wa kuomba ovyo. Barua naiandika kwa mkono wangu. Chuoni nilisoma juzuu tatu na kwa Wareno darasa la pili, siku ya kuingia la tatu nilikwenda kusikiliza fidla sikurudi tena, kwa hiyo ukiona mstari unapanda mlima ujue ni mkono, kichwa ni kizima.

Mimi ndiye mpiga fidla. Kuanzia Palma mpaka Quiterajo ukimtaja mzee Nurdine wa fidla hata kiziwi atakuelekeza. Karatasi haikunifundisha kitu. Mwalimu wangu, marehemu Suleimane wa Quiterajo, alikuwa akipiga huku amenipa mgongo nisione vidole vyake, akisema jicho likishaona, sikio linakwenda kulala. Miaka minne nilitazama mgongo wa mtu. Siku nilipopiga mimi, mkewe alitoka jikoni na kuniita kwa jina la mumewe.

Sasa kuna wimbo mmoja tunauita wa kizingiti, nao hapa kwetu ninaujua mimi peke yangu. Bi harusi anapotolewa nje, somo wake, yule mama aliyemfunda, hutangulia, husimama kizingitini akainua mguu, na hapo fidla inashika sauti moja nyembamba na kungoja, huku mashangazi wanatandika kanga chini ili bi harusi apite juu yake. Wengine hutandika upesi, wengine hufanya makusudi, wanazikunja na kuzitandika tena huku wanacheka. Fidla inangoja. Somo akiona zimetosha anashusha mguu, na fidla inashuka naye polepole, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia. Hesabu hakuna. Mimi huangalia mguu wa somo, na kwa miaka thelathini na mitano mguu huo ni wa Awa, umbu langu, dada yangu mdogo wa tumbo moja.

Mwaka jana kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikufa ganzi, mwaka huu jirani yake kamfuata. Hapo ndipo akanijia mwalimu Germano, Mmakonde wa huko juu Mueda, amefundishwa muziki na mapadri, anasomesha shule hapa na jioni anawafundisha vijana wanne kwa fidla zilizoletwa na wafadhili. Yeye anasoma noti, yale madude kama viluwiluwi kwenye mistari mitano. Akaniambia, "Mzee, nipigie wimbo wa kizingiti niuandike, vidole vikikataa kabisa usije ukaondoka nao." Nikamwambia, "Wimbo wangu hauingii daftarini. Nyie watu wa juu mnapiga fidla kama mnapalilia mihogo." Akasema, "Na nyie wa pwani mnachelewa hata kwenye muziki." Tukacheka.

Lakini siku ile alikuwa ameletewa karatasi mpya na mtu wa kanisani kwao, kutoka Diaca. Akaiweka juu ya kiti, akapiga wimbo mrefu, mzuri, haujakwama popote. Nikamwuliza huu umeusikia wapi. Akasema, "Sijausikia popote, mzee. Ndiyo mara ya kwanza tunausikia, mimi na wewe." Mama Cadija, mimi miaka minne nilitazama mgongo wa mtu, na yule aliunywa wimbo mzima kabla chai yangu haijapoa.

Basi nikasema nitamwonyesha. Kesho yake nikampigia wimbo uliopinda. Pale pa kungoja sikungoja, na pale pa kushuka nikapanda. Akaandika, kisha akaupiga kama nilivyompa, pindo kwa pindo, nami nikaona raha. Niliwaza siku ya mazoezi ya harusi vijana wataupiga, watu watacheka, nami nitasimama niseme mnaona, karatasi haina sikio.

Mazoezi yakafanyika uani kwa Faquir, mpiga ngoma wetu. Bi harusi ni Nadia, mjukuu wa Awa. Vijana wakapiga. Awa akainua mguu, fidla ikamwacha ikapanda zake. Akasema rudieni. Wakarudia, ikamwacha tena. Mara ya tatu alishika ukuta asianguke, na mabinti wakacheka, mmoja akasema bibi amesinzia kwa mguu mmoja kama korongo. Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama. Awa akanigeukia mimi, akaniuliza mbele ya watu, "Kaka, ndivyo ulivyo?" Germano ameshika karatasi yake ananitazama kwa heshima, Faquir anakuna kichwa, na mdomo wangu ukasema, "Ndivyo."

Awa akakaa chini kwenye saruji. Akasema, "Basi miguu imenikana."

Tangu siku hiyo zile kanga zake za usomo amempelekea mama yake Nadia, amesema tafuteni mwingine mimi nimekwisha. Asubuhi nikipita kwake namkuta anataja majina ya wajukuu kwa vidole, akifika kumi na saba anaanza upya, kisha ananiuliza, "Kaka, nimemsahau nani?" Hajamsahau yeyote. Tangu tuhamie huku hana bahari mlangoni wala shamba alilolizoea, kilichobaki cha kumwambia yeye ni nani ni huo usomo, nami nimemvua kwa mkono wangu.

Harusi imebaki wiki tatu. Nikisema ukweli nimekwisha, nitaitwa mzee mwongo aliyemdanganya mwalimu kwa wivu. Njia yangu niliyoifikiria ni hii: siku ya harusi nitapiga mwenyewe kwa vidole viwili vilivyobaki, Awa atapata mguu wake, watu watasema karatasi ilikosea, na mimi sitasema kitu. Naiona nzuri. Faquir nimemdokezea nusu, akasema nina kichwa cha pweza mkavu. Nishauri wewe, lakini usinishauri niombe radhi kwa Germano, hilo haliwezekani. Jibu mpe Cosme, dereva anayeleta magazeti huku, anipe mkononi. Ukitaka kulichapa, lichape baada ya harusi, na jina langu ulifiche.

Mzee Nurdine, Quitunda


MAMA CADIJA ANAJIBU

Mzee Nurdine, shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Nilipofika kwenye wale wajukuu kumi na saba mara ya pili, niliiweka mezani nikatoka nje kidogo.

Umenipa sharti kabla ya kunipa ugonjwa. Mgonjwa hamchagulii mganga dawa, mzee wangu, kwa hiyo sharti lako nimelitupa.

Woga wako nauelewa. Aliyetazama mgongo wa mtu miaka minne akiona mwenzake anapata kitu kwa mara moja, lazima moyo uume, na huna haja ya kuuonea haya. Lakini hebu mwangalie vizuri huyo mwalimu. Kusoma kwake kote hakukumpa wimbo wa kizingiti. Ilibidi aje kukaa mbele yako akuombe, nawe ukampa sumu kwenye kikombe safi. Karatasi uliyotaka kuiaibisha ilisikia ulichopiga na kukirudisha vilevile. Sikio gani lingefanya zaidi?

Sasa hiyo njia unayoiona nzuri. Utapiga, Awa atashusha mguu vizuri, watu watashangilia. Kesho yake asubuhi atakaa tena kuhesabu wajukuu, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba siku ile ya mazoezi hakukosea. Atadhani amebahatisha. Germano atabeba kosa lisilo lake mbele ya wanafunzi wake. Na hivyo vidole viwili vikichoka, kitakachobaki Quitunda ni ule uliopinda, na watoto wa watoto wa Nadia watatolewa nje kwa uongo wako wakidhani ndiyo mila.

Fanya hivi. Leo hii nenda kwa Awa, peke yako, bila fidla, maana ukiwa nayo utapiga badala ya kusema. Anza na haya: nilidanganya, miguu yako ilikuwa sawa. Sababu zako zije baadaye, naye akitaka kuzisikia. Akikutukana, kaa. Akinyamaza, kaa vilevile. Akikufukuza, ondoka, urudi kesho.

Kisha nenda kwa Germano, umwombe radhi, ndiyo, kwa mdomo wako. Umpigie wimbo ulivyo, na Awa awepo aucheze, kwa kuwa umesema mwenyewe unaangalia mguu. Kama kungoja huko hakuandikiki, mwonyesheni tu, yeye ndiye ajuaye karatasi inabeba nini na haibebi nini. Usimsaidie kushindwa.

Mazoezi ya pili yafanyike palepale kwa Faquir, mbele ya mabinti walewale. Aibu ya Awa iliingia mbele ya watu, na itoke mbele ya watu, nawe ndiye utakayesema kwa nini. Kanga zake za usomo uzifuate wewe kwa mama yake Nadia, uzibebe mchana, kichwani, barabara nzima. Mtu aliyevishinda vita viwili na kimbunga hatakufa kwa kubeba kanga.

Wiki tatu si nyingi kwa mwenye vidole viwili. Weka barua hii chini, uende.


MZEE NURDINE AKATUANDIKIA TENA

Mama Cadija, Cosme alinifikishia. Una ukali kuliko marehemu mama yangu, lakini mwandiko wako mzuri.

Siku ile sikwenda. Nilikwenda ya pili yake. Awa alikuwa anapeta mchele. Nikayasema yale maneno kama ulivyoyapanga. Hakunitukana, aliendelea kupeta mpaka ungo ukawa safi, ndipo akasema, "Kaka, siku zote hizi namwomba Mungu anichukue kabla sijalisahau jina la Nadia. Toka hapa." Nikatoka. Kesho yake nikarudi, akasema toka. Siku ya tatu nilimkuta amejitanda tayari, akasema, "Haya, twende kwa huyo mtu wa juu."

Germano hakukasirika kama nilivyotaka akasirike. Alisema, "Mzee, mimi nilidhani sikusikia vizuri. Kila jioni nimekuwa naitazama karatasi ile nikitafuta kosa langu." Hilo liliuma kuliko barua yako. Nikamwomba radhi. Kumbe linawezekana.

Nikapiga, Awa akainua mguu. Pale pa kungoja Germano akauliza, "Mzee, nangoja mpaka ngapi?" Nikautazama mguu wa Awa, maana sijui. Awa akajibu, mguu bado uko juu, "Mpaka nitakapochoka kukuona." Mwalimu akacheka, akachora juu ya kiluwiluwi kimoja alama kama jicho lenye unyusi, akatueleza kwamba alama hiyo ni ya zamani sana, maana yake shika hapa, usiondoke mpaka anayeongoza akuruhusu. Basi wenzetu nao wanajua kungoja. Nikamwambia chini ya jicho hilo aandike Awa. Akaandika.

Kwa Faquir nilisema mbele ya wote. Mabinti walicheka tena, safari hii walinicheka mimi. Kanga nilizibeba mchana kama ulivyotaka, ila begani. Kichwani nilikataa.

Harusi imepita. Awa alisimama kizingitini, mashangazi wakatandika, wakakunja, wakatandika tena, shangazi mmoja akaenda hata kunywa maji kwa makusudi, na vijana wanne wakashika sauti ile nyembamba wakiutazama mguu wake. Karatasi ilikuwa mbele yao, hakuna aliyeiangalia. Aliposhuka, wakashuka naye. Mimi nilikuwa nimekaa na wazee. Baadaye waliniomba, nikapiga kidogo kwa vidole viwili.

Sasa chapa yote, na jina langu uliweke. Atakayesema nimetia chumvi amwulize Faquir, ambaye mikono yake ilikuwa juu ya ngoma na hakuigusa mpaka mguu uliposhuka. Amwulize Nadia, aliyekuwa amesimama nyuma ya bibi yake ameshika nguo yake. Amwulize na mwalimu Germano, ila huyo atawaambia kwamba nilipopiga kwa vidole viwili kuna mahali pawili sauti haikufika, na hapo pia ni shahidi wa kweli.