Kibanio Kilichorudi Kimefungwa

Matsue, 3 Oktoba 1988

Kwa mke mwenzangu Fumika,

Hujambo? Mguu wangu bado unauma ila mdomo ni mzima, muulize shangazi yako ninayekaa kwake hapa mjini. Figili za uani umezing'oa, au unangoja nivuke bahari nije kukung'olea?

Unauliza utumie nini kufungia chambo kwenye mshipi. Swali la mtu aliyekulia ofisini. Hicho kibanio kinene ulichonunua dukani kitupe. Kinamlemea samaki wa bandia puani, anaogelea kama mlevi, na samaki wa kweli si wajinga. Fundo moja kwa moja ndilo bora, lakini vidole vyako havilijui. Basi tumia kibanio cha waya mwembamba, kidogo kama ukucha wa mtoto. Usichague kwa kutazama nguvu zake. Chagua kinachofunguka kikivutwa na kitu kinachokuzidi. Pale mwambani alipozama babu yako Iwao, usinibishie hilo.

Bibi yako,
Kiwa

Kisiwani, 12 Oktoba

Shikamoo Bibi,

Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, figili nimeshazitia chumvi.

Usinigombeze, nimeendelea na kile kinene. Nimepoteza vyambo vitatu mwambani na mshipi haukukatika hata mara moja. Kibanio kinarudi kizima, kimefungwa, chambo hakuna. Kingerudi wazi ningeelewa. Samaki anaweza kukifungua akipapatika, Bibi, lakini atakifungaje?

Jana kilirudi na chambo ambacho si changu. Ni cha mti, kimechongwa kwa kisu, jicho moja limepakwa rangi nyekundu, la pili ni kifungo cha shaba. Nadhani ni cha Babu. Tangu azame hatujapata hata kiatu chake cha kuzika. Nimeagiza kibanio cha kuvulia jodari, kisichofunguka kwa lolote. Nitamvuta.

Mjukuu wako,
Fumika

Matsue, 16 Oktoba

Fumika,

Salamu nimezipokea, na hasira ninazo. Kula vizuri, maana unafikiri kama mtu mwenye njaa.

Hicho kifungo ni cha koti langu. Nilikipigilia mwenyewe alipokosa rangi. Na babu yako hakuwahi kuacha kibanio wazi. Kilimtoboa kidole angali kijana, tangu hapo akitoa chambo lazima akifunge, hata akiwa amelewa sake hajui mlango uko wapi. Nilimcheka maisha yetu yote. Sasa sicheki.

Cha jodari usikitumie. Hakifunguki hicho, na yeye akivuta utakwenda wewe. Halafu mfu wa baharini hatolewi na mtu mmoja, kwetu hata walevi wanalijua hilo. Mmoja anamuuliza, "Tukikutoa, utatupa samaki?" Mwingine anasimama nyuma na kujibu kwa niaba yake, "Nitawapa." Ukiuliza peke yako, wa kukujibu ni yeye mwenyewe. Mchukue jirani yetu Genta. Na utumie kibanio chembamba.

Bibi yako,
Kiwa

Kisiwani, 23 Oktoba

Shikamoo Bibi,

Natumaini mguu umepoa. Mimi mzima, na safari hii nimekutii.

Nilipita kwa Genta nikakuta kimya, nikamwita dirishani na kumweleza tunakwenda kufanya nini. Kulikuwa na ukungu. Nilipofika mwambani nilimkuta amesimama, kofia ya koti la mvua imemfunika uso. Hakuitikia salamu. Unamjua alivyo na kisirani.

Nilirusha. Uzito ukaja, si wa samaki. Nikauliza kama ulivyonifundisha. Nyuma yangu akajibu taratibu, "Nitawapa. Mbona mlichelewa?"

Mshipi ukanivuta hadi maji yakanifika magotini. Kisha kibanio kikafunguka, nikaanguka chali. Kimenyooka kama sindano, nimekitia kwenye bahasha ukione. Ningekuwa na cha jodari usingepata barua hii.

Genta alinisindikiza hadi langoni. Tangu siku hiyo anakuja kila jioni, anasimama hapo hapo, koti halimkauki. Namwonea huruma. Akibisha nitamkaribisha chai.

Mjukuu wako,
Fumika

Matsue, 26 Oktoba

Fumika,

Leo sikuulizi hali.

Genta yuko huku kwa mwanawe tangu kabla mimi sijakuandikia mara ya kwanza. Wa kuniambia hakuwepo. Jana alikuja kunijulia hali, akanywa chai yangu, akalalamikia meno yake hadi nikatamani kuyang'oa mwenyewe. Kisiwani hajakanyaga.

Kibanio ulichosema kimenyooka ninacho mkononi. Nimekitoa kwenye bahasha mbele ya shangazi yako. Kimefungwa.

Barua hii nampa baharia wa meli ya leo akuletee mkononi, kwa kuwa simu uliikata kwa ubahili wako. Mimi ninakuja na meli ya Ijumaa. Shangazi yako anasema mguu haujapona. Nimemwambia mguu ni wangu.

Akibisha kabla sijafika, usifungue. Usimwite ndani wala usimjibu lolote, hata akiita jina lako la utotoni, analijua. Mwambie tu Kiwa yuko njiani. Atangoja langoni. Amezoea kuningoja, nami nimezoea kumchelewesha.

Utani wa mke mwenza unaishia kwenye barua. Mume ni wangu. Mlango nitamfungulia mimi.

Bibi yako,
Kiwa