Rota ya Landrova ya Baba

Ifakara,
Jumapili, baada ya misa.

Kaka Venance,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima huko Dodoma, na kile kifua chako kiwe kimetulia. Huku tunaendelea. Mama anakusalimia, mpunga wa Kiberege umeanza kuchanua, na mdogo wetu Febronia ameng'oka meno mawili ya mbele, hataki kucheka mbele za watu. Baba yupo. Anakula kidogo.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Unanijua, kwenye simu naishia "ndiyo" na "haya", halafu nampa Mama. Tena kuna kitu nimekifunga kwenye kitambaa humu ndani ya bahasha. Usikifungue kwanza.

Tangu mgombane na Baba naiwaza sana ile Landrova. Unakumbuka kitabu chake cha ufundi, cha Kiingereza, chenye madoa ya oili? Baba akiinamia boneti, mimi nakaa juu ya madigadi namsomea kwa Kiswahili. Darasani sinyooshi mkono hata jibu nikilijua, lakini pale naongea mpaka ananiambia, "Pumua basi, mama."

Kwenye kompyuta ya shule nikasoma kwamba Waingereza waliiunda baada ya vita vikuu vya pili. Chuma kilikuwa cha mgawo, wakatumia alumini, na rangi yake ya kijani ilikuwa ile iliyobaki baada ya kupakwa ndege za vita. Inasemekana mchoro wa kwanza ulichorwa mchangani, ufukweni. Nilipomwambia Baba alicheka sana, akasema ndiyo maana imekaa kama sanduku. Akasema anachoipendea ni kwamba haina siri. Kila nati unaiona, ikigonga mti unainyoosha kwa nyundo, na ikiugua inakuonyesha panapouma. Wenzangu wanaiita kabati la Mzee Donati. Masika yakikolea na njia za mashambani zikawa uji, baba zao ndio wanaokuja kupiga hodi.

Lakini ulisema kweli, kaka. Siku hizi kuna lami na daraja. Landrova ingeuzwa, ungenunua Noah ya abiria wa Mngeta, ungerudi nyumbani. Mama alishaanika godoro lako. Mimi nilisikia yote nikasema ndiyo, haya.

Ile siku Bwana Mwinyimvua wa duka la vipuri alikuja na yule mnunuzi wako kutoka Arusha, anayefufua magari ya zamani ya kubebea watalii. Alivyoigonga bodi kwa kidole akitabasamu, ungedhani anaposa. Baba alikuwa amemhakikishia kwamba inawaka papo hapo. Stata ikalia, ikalia. Wakazungusha hendeli mpaka mashati yakalowa. Baba akafungua kule kwenye rota, kile kidude cheusi kinachogawa moto kwenye plagi, akaiona ipo, akafunga. Ndipo Bwana Mwinyimvua akamwambia mbele ya majirani, "Mzee Donati, ungesema tu unauza banda la kuku." Watu wakacheka. Jioni ukapiga simu ukamwambia Baba amekuaibisha, kwamba ni mwongo. Hujapiga tena, ni wiki ya sita hii. Baba anaichaji simu hata ikiwa imejaa.

Kaka, Baba hakudanganya.

Unaijua tabia yake ya tangu alipokuwa dereva wa misheni. Akiegesha tu, anachomoa rota, anaitia mfuko wa shati ili mwizi asiwashe gari. Tulikuwa tunamcheka kwamba anapokea komunyo na rota mfukoni. Ile ya zamani iliyopasuka hakuitupa, ilikuwa kwenye kopo la misumari. Asubuhi ile, baada ya yeye kuirudisha ile nzuri kwenye gari na kwenda kuoga, mimi niliitoa nikaweka ile mbovu. Ufa wake ni mwembamba kama unywele. Macho ya Baba siku hizi hayauoni, na nilijua hayauoni. Hapo ndipo panaponiuma.

Sikutaka usirudi. Niliwaza tu, Landrova ikiondoka, mimi na Baba tutaongelea wapi?

Nilikusudia kuirudisha jioni ileile. Uliposema yale kwenye simu, nikaogopa. Baba amebadilisha plagi, amebadilisha nyaya. Wiki iliyopita aliifunika turubai. Akamwambia Mama kumbe hata Landrova inaweza kumficha mtu. Nilikuwa nachambua mchele, nikainamisha kichwa.

Haijamficha kitu. Aliyemficha ni mimi.

Sasa fungua kitambaa. Hiyo ndiyo rota nzuri. Uje nayo, uiweke mwenyewe, gari litawaka. Mkiamua kuliuza, uzeni, hata kitabu nitampa mnunuzi. Baba nitamwambia mwenyewe, ila naomba uwe umesimama karibu, maana peke yangu nitasema "haya" tu. Lakini kumwomba radhi usingoje mpaka uje. Mpigie leo. Simu yake imejaa chaji.

Wasalimie unaoishi nao. Mama anasema uvae sweta. Febronia anakutumia jino moja, nimelikataa.

Mdogo wako aliyekukosea,
Nelly