Utani wa Msiba wa Baba Umefika Kahama

Mdogo wangu Issa,

Marahaba. Najua utaniamkia ukiifungua tu barua hii, hata kama bado umeninunia. Habari za hapo Newala? Mama anakula? Nasikia korosho zinaanguka na hakuna wa kuziokota, kwa kuwa mama haendi tena shamba peke yake. Mimi mzima wa mwili, bado nawapikia madereva wa malori hapa Kahama, ila moyo umechafuka. Naandika kwa karatasi kwa sababu mama amesema simu isiingie tena ndani kwake. Wala simlaumu.

Nianze na siku ile. Dereva mmoja alikuwa anasubiri supu, akanisogezea simu yake. "Mama ntilie, hebu ona, mchawi wa kusini anakiri mwenyewe." Nikainama. Nikaona mkeka wetu. Nikaona kanga ya mama, ile ya bluu niliyomtumia wakati wa Idi. Bi Asumini, mtani wetu wa Masasi, kajifunika ungo kichwani mbele ya wafiwa, anamnyooshea mama kidole: "Mtazameni mchawi huyu! Kamla mume mzima, hata ukoko hakutubakizia." Na mama, kizuka, mjane mwenyewe, anamjibu: "Nimemla. Tena alikuwa amekolea chumvi." Video ikaishia hapo.

Wewe na mimi tunajua kilichofuata. Watu waliangua kicheko, Bi Asumini akautupa ungo, wakakumbatiana na mama wakalia mpaka wakaja kuachanishwa. Ndiyo kazi ya mtani msibani, amchokoze mfiwa mpaka acheke, na yule aliyekauka machozi yamtoke. Nani wa kwetu asiyelijua hilo? Ila dereva yule si wa kwetu. Nilimwambia huyo ni mama yangu mzazi, akacheka, akadhani namtania. Aliponiona nimekaa chini na mwiko mkononi ndipo alipoamini. Ndiye anayekuletea barua hii akielekea Mtwara. Mpe chai.

Chini ya video watu wameandika maneno siwezi kuyarudia. Mmoja anauliza ni Newala sehemu gani. Mwingine anamtajia kijiji. Wa tatu anasema vijana wa huko wanangoja nini. Halafu unaniambia bati limepigwa mawe mara mbili, na bombani wanawake wanampisha mama, tena si kwa heshima. Issa, usiniambie tena kwamba ya mtandaoni hupita. Kuna vikongwe waliouawa kwa porojo ndogo kuliko hizi, na huyu ni mama yetu.

Na sisi tulifanya nini? Mjomba akaamuru kila mtu kwenye kundi la ukoo afute ile video nzima ya msibani ili kuondoa aibu. Tukafuta, mimi nikiwemo, tukajiona watu wenye adabu. Shangazi yeye akaichukua ile iliyokatwa akawatumia watu wote anaowajua, eti awaambie ni uongo, nao wakaipeleka mbele bila hayo maelezo yake. Nimechoka na ukoo huu! Nikabonyeza mwenyewe pale pa kuripoti, wenye mtandao wakanijibu hawajaona kosa. Utani wa msibani wataujulia wapi?

Nikaenda polisi. Nilimkuta askari wa kike, mdogo hata kwako, akanisikiliza vizuri. Alisema kumtangaza mtu mchawi na kuchochea adhuriwe ni kosa, na wanaofanya hivyo wanatafutwa. Akauliza video nzima iko wapi. Nikasema tumefuta. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Dada, mmefuta kilichokuwa kinamtetea."

Basi shika haya. Usifute tena kitu. Piga picha ya skrini ionyeshe jina la akaunti, tarehe na hivyo vitisho, na unakili kiungo chake. Usimtumie mtu, hata kwa nia ya kumtetea mama. Vipeleke polisi hapo Newala, na mtendaji wa kijiji ajue habari ya mawe, leo si kesho. Kisha panda gari uende Masasi. Kwenye ile video nzima uliyorekodi wewe, kabla sijaifuta, nilimwona binti wa Bi Asumini naye kainua simu. Mwambie asifute, na mama yake aje asimame mbele ya kijiji aeleze alikuwa anafanya nini.

Sasa linalonichoma. Wiki tatu nimekutukana kwenye simu kwamba mkono wako mwepesi, wewe ndiye uliyerekodi. Mama akasikia, akakunyima kauli. Lakini mimi ndiye ambaye sikuwahi mazishi, mimi ndiye niliyekuomba urekodi, na wewe uliiweka kwenye kundi la ndugu tu. Yule askari aliisimamisha video akanionyesha maandishi chini, nusu yamekatwa: "Msiba wa kwetu Newala", na ua jekundu pembeni. Akauliza kama namjua aliyeyaandika. Nikasema simjui.

Namjua. Siku ya mazishi niliiweka kwenye status yangu na maneno hayo chini, watu wa huku waone jinsi kwetu tunavyofarijiana. Haikuingia yote, nikaikata pale mama alipojibu, maana ndipo paliponichekesha kuliko pote. Kesho narudi kwa yule askari nikamwambie.

Nisalimie mjomba, ila simu za watu asiziamrishe tena. Nisalimie shangazi, umwambie atulize vidole. Mkeo namshukuru kwa kuhamia chumbani kwa mama. Na Bi Asumini ukimfikia, mwambie utani wake asiuache kwa ajili yangu.

Mama usimfiche. Msomee barua hii yote, na ukifika hapa usipunguze sauti: mama, Issa hana kosa.

Ni mimi dada yako, niliyeikata,

Somoe