Shingo Yangu na Mdomo wa Jirani

“Huo ni mkorogo, shoga, usitudanganye!” Ndivyo jirani wa mlango wa pili alivyonipayukia asubuhi, mbele ya foleni nzima ya maji. Nyinyi wanangu mnajua ni mionzi ya hospitali iliyoniunguza shingo.

Nimekwenda kupigwa mionzi tena, nitarudi mchana. Jeli ya chai ya kijani aliyoniruhusu nesi iko kwenye friji. Inasaidia kukinga ngozi, msiilambe! Mchuzi uongezeni maji.

~~Jirani akija kuomba chumvi, msimfungulie.~~

Hapana, mfungulieni. Akae kiti cha karibu yangu. Nitavua mtandio, binti yangu unipake jeli taratibu, naye aangalie mpaka tonge limkwame. Mwambieni kwa adabu: “Karibu ndani, mama mdogo, leo unakula na sisi.”

Mama yenu