Sikumuua Chura

Jumapili, 2 Machi

Jino! Jino la utoto, dogo kama punje ya mchele, na mashuka mawili yameloa damu.

Bosi ana miaka sita, na jino lilikuwa linacheza tangu juzi. Dada yake akalifunga uzi akavuta. Huyo dada tunamwita Mwalimu kwa sababu anamsahihisha kila mtu, mimi nikiwa wa kwanza. Ana miaka kumi na mmoja. Mimi nilikuwa uani, kichwa cha cherehani ya mteja mapajani, natafuta kwa nini kinaruka mshono. Nikamsikia Bosi anacheka. Kisha kimya. Nilipoingia alikuwa ameshika kikombe mdomoni na kikombe kimejaa – si mate.

Nikamzaba Mwalimu kofi. Sikuuliza kwanza. "Umemfanya nini mwenzako?" Akasema amevuta tu, kama nilivyomvuta yeye zamani. Na ni kweli. Lake lilitoka tone moja, akasukutua, akaenda kucheza.

Saa nne sasa tangu jino litoke. Pamba, barafu, maji ya chumvi. Inapungua, inaanza upya. Baba yao yuko barabarani na lori, ananiambia kwenye simu nimtulize mtoto, ni jino tu. Jino tu! Aje alitulize yeye.

Mwalimu kajifungia chumbani. Nimemtolea maneno yaleyale niliyotolewa mimi nikiwa na miaka tisa. Sitaki kuandika zaidi. Tunakwenda hospitali.

Jumanne, 4 Machi

Wodi ya watoto, kitanda karibu na dirisha. Bosi ametundikiwa dripu na anataka kujua kama jino lake limehifadhiwa. Damu imesimama tangu jana mchana, baada ya kuchomwa dawa. Wamemtoa damu nyingine ya kupima. Nimewaambia si inatosha iliyomwagika? Hakuna aliyecheka.

Mama yangu amekuja leo asubuhi. Kila aliyepita hapa aliuliza mtoto ana nini – nesi, mfagiaji, mama wa kitanda cha pili. Mama yangu hakuuliza. Aliangalia pamba kwenye beseni, akaketi, akaanza kukunja nguo za mtoto ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Kisha akaja daktari wa damu, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba. Akauliza kama Bosi huvilia damu chini ya ngozi ovyo. Ndiyo. Kama viungo huvimba. Goti, mara mbili, tuliambiwa amejigonga. Akauliza kama kuna mwanaume upande wangu aliyewahi kutokwa damu isikatike.

Nikamtaja Chura.

Chura alikuwa mdogo wangu. Miaka miwili na ushei, haendi popote bila kuruka, ndiyo maana ya jina. Siku hiyo niliachiwa mimi. Akaruka kutoka kwenye kibao cha kukalia, kibao kisichofika gotini, akachanika ndani ya mdomo, pale mdomo wa juu unaposhikana na fizi. Kidonda cha kufunikwa na kidole. Siku tatu kilitoka damu. Ya nne tukamzika. Mama akawa anawaambia waliokuja kutupa pole: "Nilimwachia dada yake." Basi. Hakuongeza, hakuhitaji kuongeza. Miaka ishirini na mitano sasa. Kwenye kila shughuli ya familia yupo wa kunitania kwamba mimi si wa kuachiwa mtoto, na watu wanacheka, na mama anaangalia pembeni.

Daktari akamgeukia mama. Na wengine? Wajomba?

"Hakuna," mama akasema. "Kwetu watu wana damu nzuri."

Alhamisi, 6 Machi

Inaitwa himofilia.

Daktari alinikalisha ofisini kwake, akafunga mlango, akasema polepole. Mwilini kuna maelekezo, ndiyo jeni hizo, na kila mtoto anapoanza tumboni anapewa nakala. Sehemu moja ya maelekezo inahusu kugandisha damu. Ya Bosi ina kosa. Sehemu hiyo iko kwenye kromosomu X. Mwanamke anazo mbili: moja ikiwa mbovu, nyingine inambeba, anaishi miaka yake yote bila kujua. Mwanaume anayo moja tu, na hiyo amepewa na mama yake.

Na mama yake. Yaani mimi.

Nikampigia baba watoto. Akasikiliza, akashusha pumzi, akasema, "Maana kwetu hakuna kitu kama hicho." Kinachoniuma ni kwamba safari hii ana haki! Ningempata karibu ningemvua koti nimpige nalo.

Nilimuuliza daktari kwa nini kitu kibaya namna hii hakijafutika duniani, maana watoto wanaokufa hawazai. Akafurahi kuulizwa, nikamwona. Akasema kinasafiri ndani ya wanawake wasioumwa. Na hata kikikoma kwenye ukoo mmoja, kinaanza upya kwingine, kwa sababu kunakili hakukosi makosa. Akasema makosa hayohayo, mengine yakiwa ya kheri, ndiyo yaliyotufanya viumbe tusifanane, toka mdudu hadi mtu. Bila hayo tusingekuwepo.

Asante sana kwa taarifa! Nimwambie Bosi hivyo?

Lakini kuna alilosema ambalo sikumrukia. Nilimuuliza kuhusu Chura: kama ningemshika asianguke? Akavua miwani. Akasema mtoto mwenye damu ile, miaka ile, bila dawa, kama si kibao ingekuwa mlango, kama si mlango ingekuwa jino. "Watoto wote wa miaka miwili huanguka. Hukumuua mdogo wako."

Nilitoka. Nikaingia chooni nikafungulia bomba ili nisisikike.

Niliporudi bado alikuwa na moja la mwisho. Akaniuliza kama nina dada. Ninaye, mdogo wangu, alizaliwa mwaka mmoja baada ya Chura. Ana mimba ya miezi saba. Wamempiga picha, ni wa kiume. Daktari akasema aambiwe haraka. Huenda mdogo wangu anayo jeni hiyo, huenda hana, nusu kwa nusu. Lakini wakati wa kujifungua mtoto asivutwe kichwa kwa chombo, na asichomwe sindano za nyamani mpaka apimwe damu. Mkunga asiyejua anaweza kumuua akidhani anamsaidia.

Ijumaa, 7 Machi

Bosi karuhusiwa. Nyumbani nilimpigia mama mdogo, kitindamimba wa kwao mama. Sikuzunguka: ndugu zenu wa kiume waliokufa utotoni walikufa kwa ugonjwa gani?

Akauliza kama mama yangu anajua kuwa nampigia. Kisha akasema wawili anaowakumbuka yeye walikwenda kwa damu. Mmoja alijikata na kipande cha chupa. Mwingine alivimba nyonga, akalia wiki nzima. Bibi aliwaita binti zake akawaonya: mkizaa wa kiume, mkae mkijua.

"Mama yenu alijua kabla wewe hujazaliwa," akasema. "Nilidhani alishakwambia, mwanangu."

Nilidhani! Kila mtu kwenye ukoo huu anadhani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa mama. Alikuwa anapiga pasi. Nikasema, "Mama, ulijua."

Akaendelea na kola. Upande mmoja, upande wa pili. Nikachomoa waya ukutani.

Sitasahau alivyosema, maana hakupandisha sauti hata kidogo. "Ningesema ni damu yangu, baba yako angenirudisha kwetu siku hiyohiyo. Na wewe ungebaki na nani? Wewe ulikuwa mtoto. Mtoto husamehewa."

"Nani alinisamehe?"

Akaiweka pasi pembeni.

"Nitajie mmoja, mama. Mmoja tu aliyenisamehe!"

Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kugonga. Nilimkumbusha mama kwamba mpaka leo simshiki mtoto mchanga wa mtu. Kwamba Bosi alipozaliwa nilikataa kumwogesha, mwezi mzima aliogeshwa na baba yake. Kwamba baba amekufa akijua mimi ndiye. Mama alikaa kitandani na shati la mtu mkononi, likiwa bado la moto.

Kisha nikasema namwambia mdogo wangu leo. Hapo ndipo akainuka. Akanishika mikono yote miwili. Mtoto yuko miezi saba, utamshtua, mimba itaharibika, utaibeba na hiyo? Ngoja azae. Akizaa salama tutamwambia sote pamoja.

Utaibeba na hiyo. Anajua pa kushika, huyu mwanamke.

Na mimi – naandika hili kwa hasira ya kujitemea mate – nikasema sawa.

Jumanne, 11 Machi

Karakana. Nimevunja sindano tatu kwenye cherehani moja. Mteja akaniuliza kama leo nimekuja kutengeneza au kulipiza kisasi.

Mdogo wangu alipita mchana na tumbo lake, kaleta machungwa ya mgonjwa. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akapanua miguu, akaniambia mtoto anapiga mateke kama anamdai. Akasema ataitwa jina la Chura, lile la kwenye cheti. "Mama amelia nilipomwambia. Kwa furaha."

Kwa furaha!

Nilikuwa na bisibisi mkononi. Maneno yalifika hapa, kwenye meno. Nikamuuliza kama anakunywa maji ya kutosha. Akaondoka.

Jioni Mwalimu akaja na kitabu chake cha sayansi. Kasoma mwenyewe. Akaniuliza, "Na mimi ninayo?" Nikamwambia hatujui, tutapima ukikua kidogo, nusu kwa nusu. Akafikiri. Akasema, basi siku ile si uzi wangu. Nikasema si uzi wako. Nimekukosea, kofi lile lilikuwa langu, si lako. Akasahihisha: "Kofi lilikuwa langu. Kosa ndilo lilikuwa lako."

Haya, Mwalimu. Vyema.

Akauliza kama mama mdogo wake mwenye tumbo anajua. Nikaangalia pembeni. Akafunga kitabu.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia.

Nilikwenda kwake saa tatu asubuhi kabla sijafungua karakana. Nikamweleza yote, Bosi, Chura, wajomba, chombo cha kuvutia kichwa, sindano. Nilitegemea alie. Nilikuwa nimebeba maji na glukosi kama mjinga.

Hakulia. Akauliza, "Umejua lini?"

Alhamisi.

Akahesabu kwa vidole. "Siku sita. Jumatatu nimekwenda kliniki. Mkunga kaniuliza kwenye karatasi, kuna ugonjwa wa ukoo? Nikasema hakuna. Nikacheka! Nikamwambia sisi ni watu wa chuma. Na wewe ulikuwa unajua."

Nikasema mama aliniomba.

"Mama alikuomba." Akasimama kwa kushika meza. "Wewe unaniletea hadithi ya mama aliyekunyamazia, na umekaa kimya na mtoto wangu kama alivyokaa yeye. Jana nimekuletea machungwa!"

Nilitaka kujitetea. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano ya kujitetea nayo.

Akanifungulia mlango. Nikiwa nje akasema kesho niwe hospitali saa mbili, naye atakuja, na mama aje pia hata kama ni wa kuburutwa. Jina la mtoto atalifikiria upya.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeketi koridoni, naandika juu ya goti. Mlango wa daktari haufungi vizuri, nasikia.

Tuliingia watatu. Mdogo wangu akakaa katikati na hakumwangalia yeyote kati yetu. Ametolewa damu, na sampuli yake na ya Bosi zitapelekwa maabara ya mbali, majibu wiki tatu. Daktari akasema mpaka wakati huo tumchukulie kama anayo. Kamwandikia barua ya mkunga na kuigonga muhuri mara mbili.

Kisha akatoa karatasi kubwa. Wanawake ni duara, wanaume ni mraba, na walioumwa anawatia wino mweusi. Akanichora mimi, akamchora mdogo wangu, akamchora Bosi akamtia wino. Akamchora Chura akamtia wino. Kupaka mraba ule kulichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Kisha kalamu ikapanda juu. "Mama, ndugu zako wa kiume walikuwa wangapi?"

Mama alikuwa na mkoba mapajani. Akaufungua, akaufunga. Nikajua anatafuta lile "hakuna" lake. Mdogo wangu akachukua mkono wa mama, akauweka juu ya tumbo, akaushikilia pale.

"Wanne," mama akasema.

Daktari akainua kichwa. Nikasema mama mdogo anakumbuka wawili.

"Wawili yeye alikuwa hajazaliwa. Wa kwanza nilikuwa nampakata mimi. Nilikuwa na miaka minane. Mama alikwenda kisimani."

Ndipo nilipotoka. Miguu ilinitoa, si mimi.

Sijui nifanye nini na hasira yangu. Ninayo bado, yote, sijapungukiwa hata punje. Nani alimwambia anipokonye na hiyo?

Bado anazungumza mle ndani. Sauti ndogo, kama ya msichana. Anasema mtoto alikuwa mzito, akamponyoka, aliwaambia jamani mtoto ni mzito. Daktari ameacha kuchora, maana kalamu haisikiki.

Mdogo wangu ananiita. "Dada, njoo." Mara ya pili sasa. Njoo, anasema, mama anakutafuta –