Ruhusa ya Kulala Chali

Kashikishi, Nchelenge,
Alhamisi, 12 Juni 2025.

Mpendwa mpwa wangu Hénoc,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu hapa ukingoni mwa ziwa. Hujambo? Mwili unaendeleaje, na kile kikohozi cha wakati wa theluji kimekuacha? Nasikia huko Kanada na ninyi sasa mmeanza kuona jua, basi tumshukuru Mungu. Sisi tumebadilishana nanyi: asubuhi upepo wa ziwani unakata masikio, na Mable mke wangu halali bila soksi. Lakini tuko wazima. Tunakula, tunagombana kidogo, tunasali.

Mama yako ni mzima vilevile. Mihogo yake kule Mantapala imekubali mwaka huu, na dada yako Sagesse anamsaidia, ingawa mkono wake huanza kuuma kila siku ya kupalilia. Najua macho yako yameshakimbilia chini kutafuta kama mama amekubali. Vumilia. Mimi ndiye mjomba, na barua ni yangu.

Nimeiandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu mambo haya hayasemeki. Ukitaja neno kuruka tu, mama yako anakata. Mable ataipiga picha kurasa zote na kukutumia, ikufikie kabla ya Jumamosi.

Ile video yako tumeitazama mpaka simu ikapata moto. Ulipojiachia mlangoni mwa ndege nilifumba macho, nakiri. Nilipofumbua nikaona ile suti ya mabawa imejaa upepo, nawe umelala kifudifudi unakwenda mbele kwa raha kama mtu anayekagua shamba lake. Nilipiga kelele hadi majirani wakaja. Nimewaambia wote kwamba huyu alijifunza kukunja nyavu mikononi mwangu, ndiyo maana wazungu wanamwachia maparachuti yao awakunjie, nao wanamlipa kwa kumpandisha ndege. Kwa hiyo nusu ya sifa zako nimezichukua mimi.

Sehemu ya pili pia nimeiona. Unageuka ulale chali chini ya mwalimu wako, na hapo hapo mwili unajikunja, kichwa kinainuka kutafuta miguu, kisha unaanza kuzunguka ovyo. Umeandika kwamba mwalimu anakuambia umtazame yeye juu, ulegeze shingo, uache mabawa yakubebe, na kwamba yote hayo unayaelewa ukiwa chini na kuyasahau ukiwa juu. Umeandika tena kwamba Jumamosi utajaribu kwa mara ya mwisho, na kwamba bila neno la mama yako hutageuka, utaacha kabisa. Hilo la kuacha kabisa limeninyima usingizi.

Mwalimu wako anasema kweli, ila yeye hakukulea mashuani. Mimi nilipokuona unainua kichwa nilijua mara moja unatoka wapi. Tangu ulipojua kukaa, kila ulipojinyoosha chali kwenye mashua nilikupiga kofi la mguu nikakuinua, kama baba yangu alivyoniinua mimi. Mvuvi wa ziwa hili akichoka hulala ubavu, magoti ameyakunja. Anayelala chali mashuani ni yule anayepelekwa kuzikwa, hakuna mwingine.

Halafu ukaja mwaka ule wa kukimbia vita. Baba yako alikata roho kwa homa tukiwa katikati ya maji. Tulimlaza chali, mama yako akamfunika uso kwa kitenge chake, nawe ukakaa miguuni pake mpaka tulipotia nanga upande huu na kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Kenani. Ulikuwa kijana mdogo na hukulia. Tangu siku ile hatujalizungumza, na mimi naona limekaa kimya vya kutosha. Nalisema leo kwa sababu nakupenda.

Basi wiki iliyopita nilikwenda Mantapala na simu mfukoni. Mama yako alitazama sehemu ya kwanza mkono ukiwa mdomoni, na nikaona kwamba anataka kujivuna lakini anaona haya mbele yangu. Ulipogeuka chali akanirudishia simu. Akasema, "Octave, bafu njo balalaka hivi. Miye nilishaona mumoja. Wa pili siwezi." Yaani wafu ndio hulala hivyo.

Kwa desturi yetu, ndugu wa mama akishasema neno juu ya mtoto, limekwisha. Ningeweza kukuandikia siku ile ile kwamba ruhusa umepata. Lakini nakufahamu, Hénoc. Ungeruka na neno langu mfukoni na hasira ya mama yako kichwani, na ni kichwa ndicho kinachokuinukia huko juu. Kwa hiyo sikubishana. Nilimwomba tu anisindikize kwa mashua kwenda upande wa Kafutuma kumwona Idah, mdogo wake Mable, ambaye amejifungua mtoto wa kiume.

Tuliondoka asubuhi, maji yametulia, Patson anapiga kasia. Unamkumbuka Patson, yule jirani anayeogopa kila kitu isipokuwa mamba. Tulipofika mbele ya ufuko ambapo wanawake huanika chisense, wale dagaa wetu, mimi nikajilaza chali kwenye mbao. Nikanyoosha miguu, nikatanua mikono, uso juu.

Mama yako alinipiga kofi la mguu, lile lile. Patson akaacha kasia. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mudala, mzee wangu, inuka, batu banatuona." Sikuinuka. Shingo yangu, mzee mzima, ilikuwa inajivuta yenyewe kutaka kuona miguu. Nikachagua kawingu kamoja nikakakazia macho, kama mwalimu wako anavyotaka umkazie yeye. Baada ya muda shingo ikakata tamaa ikalegea. Kwa hiyo fahamu kwamba katika familia hii nimekutangulia kujifunza, tena bila ndege.

Sasa fikiria wale wanawake ufukoni wanaona nini. Mashua inapita polepole, mwanamume amelala chali, na mama yako ameketi miguuni pake amejitanda kitenge kichwani kwa ajili ya baridi. Mmoja akapiga yowe la msiba, wengine wakampokea. Habari ilifika Kashikishi kabla yetu. Tuliporudi jioni na samaki tuliopewa kwa Idah, nilikuta moto umewashwa uani, mabenchi ya kanisa yameshafika, na Given, fundi wa majeneza, anawauliza watu urefu wangu. Mable hakunikumbatia. Alinipiga kandambili mbili, akalia, kisha akauliza kama samaki wametumbuliwa. Unga wa msiba, walioleta walikataa kuuchukua tena kwa hofu, basi tunaula sisi mpaka leo.

Lakini nimekimbilia mbele, jambo lenyewe lilitokea mashuani. Waliposhika vilio vyao, mimi niliinua mkono nikawapungia. Walitawanyika wote wakawaachia jua na kunguru chisense yao. Mama yako akawatazama wao, akanitazama mimi, akacheka. Sijamsikia akicheka juu ya maji tangu tulipovuka na baba yako. Alicheka mpaka machozi, na machozi yale yakageuka kuwa yale mengine, nami nikamwacha alie. Patson aligeuza uso akajifanya anatazama upepo.

Alipomaliza alivua kitenge kichwani, akakitandika kwenye mbao, akajilaza chali kando yangu. Dada yangu, ambaye hata usingizini sijamwona akilala hivyo. Kisha akaniuliza kama na wewe, ukiwa kule juu, unachoona ni hiki tu, mbingu na mtu anayekutazama. Nikamwambia ndiyo, ni hiki tu. Akanyoosha mkono nje ya mashua, akachota maji ya ziwa, akayanyunyiza kwenye mbao pale tulipolala, kisha akasema maneno haya. Nayaandika kama yalivyotoka kinywani mwake:

"Baba yake alilala, hakuamuka. Mutoto yangu alale, kisha aamuke."

Hilo ndilo neno ulilokuwa ukilingoja. Nami niliyekukataza kulala chali tangu utotoni, leo nakufungulia. Jumamosi geuka bila kujikunja, legeza shingo, mtazame mwalimu wako. Na kile kifaa cha kupima kimo mnachovaa kikilia sikioni, usiongeze hata kidogo kwa kujionyesha. Geuka kifudifudi, fungua parachuti yako, shuka kwa miguu yako. Kuamka anakotaka mama yako ni huko. Sina wasiwasi nawe. Mikono yako naijua.

Mable anakusalimu sana, na kandambili yake. Sagesse anakusalimu na kuuliza kama suti ile hushonewa mabinti pia. Idah anakusalimu pamoja na mtoto, ambaye tayari anajua kulala chali kuliko sisi sote. Patson naye anakusalimu, ingawa amesema mimi sipandi tena mashua yake.

Mungu aliyetuvusha ziwa hili akuwekee mkono mgongoni, huko usikoweza kujiona.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye, niliye hai bado,

Octave

N.B. Ukishatua Jumamosi, mpigie mama yako kabla hujavua suti. Amesema safari hii hakati.